Mheshimiwa Haombi

Nyumbani kwetu Kagugu, Kigali, kulikuwa na mtu mmoja tu aliyehudumiwa kama kiongozi, naye alikuwa hajafikisha miaka minne. Akinyoosha kidole kuelekea chupa ya chai, mama yangu anamimina. Akiutazama mlango, mimi nimeshashika viatu vyake. Akikunja uso, dada yangu anauliza watu wote waliomo chumbani nani kamuudhi mtoto. Yeye mwenyewe hasemi neno. Dada alikuwa na maelezo yake: wakubwa hawapayuki ovyo, wana watu wa kuwasemea. Ndiyo maana tukamwita Mheshimiwa.

Ni mtoto wa dada. Mimi ni mjomba wake. Wakati ninaoukumbuka, nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimesomea mipango miji, na hakuna mji uliokuwa ukinihitaji. Dada aliondoka asubuhi kwenda Muhima, kwenye duka la vitambaa alikofanya kazi. Mumewe aliendesha lori kati ya Rusumo na Dar es Salaam, na tuliliona vumbi lake mara nyingi kuliko yeye mwenyewe. Kwa hiyo kutwa nzima tulibaki watatu: mama, mimi, na Mheshimiwa. Mama alitulea Karagwe kabla hatujarudi Rwanda, na ndiyo sababu lugha ya ndani ya nyumba ni Kiswahili. Kinyarwanda tunakikuta getini, na Kiingereza nilikitumia mimi pale nilipotaka ijulikane kwamba nimesoma.

Katika lugha zote hizo, Mheshimiwa alikuwa amechota maneno machache mno. "Bi" alikuwa bibi yake. "Mo" ilikuwa pikipiki yoyote iliyopita. Na "oya", ambalo ni hapana kwa Kinyarwanda, alilitamka vizuri kuliko mtangazaji wa redio.

Mwaka wa shule ulipokaribia kwisha, mwalimu mkuu wa chekechea alituita, dada na mimi. Alikuwa mpole, na upole wake ulinitisha kuliko ukali. Alisema darasa linalofuata lina watoto wengi na mwalimu mmoja. Mtoto asiyeweza kuomba maji, wala kusema anataka choo, wala kuonyesha kwamba ameumia, atateseka humo kimyakimya. Angemwona tena kabla shule hazijafunguliwa Septemba. Kama ataweza kuomba anachokitaka, kwa neno lolote, hata nusu neno, kwa lugha yoyote, atapanda na wenzake. La sivyo, atabaki na wadogo mwaka mwingine.

Kubaki na wadogo si msiba. Dada alilisema hilo njiani, nami nikakubali, na sote wawili tulikuwa tunamfikiria binti wa jirani. Huyo alikuwa rafiki pekee wa Mheshimiwa. Alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili, na aliyagawa bila uchoyo. "Anasema anataka mpira," angetuambia, wakati mtoto hajafungua mdomo. "Anasema hapendi uji wa leo." Mara nyingi ilikuwa kweli. Binti huyo alikuwa anapanda darasa. Alishamwambia mama yangu kwamba atamshikia Mheshimiwa kiti pembeni yake, asije akakaa na mtu asiyemjua.

Nikaanza kufikiri. Watu wa nyumbani wanajua kwamba hiyo ni hali yenye dalili zake: nasimama mlangoni nikiwa nimesahau nilikuwa natoka au naingia. Nilisoma kwenye simu mpaka simu ikapata joto. Nilizishuku lugha tatu. Nilizishuku katuni. Nilishuku maziwa, kisha nikashuku ukosefu wa maziwa. Mwishowe nikaushuku ukoo, nikamuuliza mama mimi nilianza kusema lini.

"Wewe?" alisema, akipepeta mchele. "Wewe ulianza mapema. Na hatujapumzika tangu hapo."

Mama wa binti wa jirani alikuja na ushauri wake: tumpe supu ya ulimi wa mbuzi. Mimi nilitaka kueleza kwa nini supu haiwezi kufanya kazi hiyo, lakini dada alikuwa ameshachukua mkoba kwenda buchani.

"Supu haijamdhuru mtu," alisema. "Ila huyu mjomba wake asionje hata kijiko."

Mheshimiwa akanywa supu yote. Kesho yake akaukataa uji kwa "oya" moja iliyosikika mpaka barabarani, na mama akatangaza kwamba dawa imeanza kushika.

Hospitalini walimpima masikio, wakakuta hayana kasoro. Hilo tungeweza kuwaambia wenyewe. Alisikia pakiti ya biskuti ikifunguliwa nyumba ya tatu. Ndipo wakatuelekeza kwa mtaalamu wa matamshi, Nyarutarama, katika nyumba ya ghorofa iliyogeuzwa zahanati, ambako walinzi wa majirani hutazama viatu vyako kwanza, kisha uso. Mtaalamu alikuwa mwanamke kijana, wa rika langu kabisa, na jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba yeye ana kazi.

Aliketi sakafuni karibu na Mheshimiwa, kati ya vitu vya kuchezea.

"Unaitwa nani?"

Nikalitaja jina, na la baba, na tarehe ya kuzaliwa.

"Asante. Na unapenda kucheza na nini?"

"Magari," nikasema. "Hasa malori, kwa sababu baba yake yuko barabarani sana, na nilisoma kwamba mtoto akimkosa..."

"Kaka," alisema, bila kuinua macho, "nimemuuliza yeye. Ngoja."

Nikangoja. Sijui kama umewahi kukaa katika chumba ambamo mtoto ameulizwa swali na hakuna anayejibu. Kimya kile kilinijia kama chafya. Nilitazama dari. Nilitazama dirisha. Niliuma shavu kwa ndani. Mheshimiwa alimtazama mtaalamu, akanitazama mimi kuona kwa nini huduma imechelewa, kisha akachukua lori jekundu akalisukuma na kusema, "Oo."

"Lori!" mtaalamu akasema. "Lori kubwa."

Akatufafanulia baadaye, kwa maneno yaliyo wazi. Mtoto anaelewa vizuri. Lugha nyingi si kosa. Tuseme naye kwa ile inayotutoka yenyewe. Kuna watoto wanaochelewa na sababu haijulikani, na asingetuahidi kwamba itakuwa haraka. Ila kuna jambo moja tungeweza kulianza siku hiyohiyo.

"Kwenu maneno hayana kazi," alisema. "Ana watumishi watatu. Wekeni vitu vyake mahali anapoviona ila havifikii. Halafu mngoje aombe. Sauti yoyote inatosha. Akiitoa tu, mpeni, na mtaje kitu chenyewe. Msimwambie sema, sema. Ngojeni tu."

Kumwambia mtu aliyesomea mipango kwamba ahamishe vitu! Nilichora ramani ya jikoni. Kikombe chake kikapanda juu ya friji, ndizi zikaning'inizwa kwenye msumari, malori yakaegeshwa juu ya kabati. Dada alirudi jioni kutoka Muhima, akasimama katikati ya sebule akizungusha macho.

"Tunategemea mafuriko?" akauliza.

Kuhamisha vitu kulikuwa rahisi. Kungoja ndiko kulikonishinda. Mheshimiwa angesimama mbele ya friji, akakitazama kikombe, akanitazama mimi, akakinyooshea kidole, na mdomo wangu ungefunguka wenyewe: "Unataka ma..." Na kabla sijamaliza, mama angepaza sauti kutoka uani, asikokuwa akiona chochote: "Ngoja!" Asubuhi ilikuwa dada, na mswaki mdomoni: "Ngoja, wewe!" Hata binti wa jirani akajifunza. Alikuja kucheza, akanikuta nimeinama kumsaidia rafiki yake, akashika kiuno. "Mjomba, ngoja!" Nadhani likizo ile hakuna mtu Kagugu nzima aliyeambiwa ngoja mara nyingi kama mimi, na hapo sijawahesabu walioniambia nitasikia kutoka kwao kuhusu maombi yangu ya kazi.

Si kwamba kila siku ilikuwa mchezo. Alasiri moja alikililia kikombe mpaka akashikwa na kwikwi, amelala kifudifudi kwenye saruji, na mimi nimesimama pale na elimu yangu yote. Niliogopa kwamba nimegeuza maji kuwa mtihani. Nikakishusha kikombe, nikakijaza, tukakaa sakafuni tukanywa kwa zamu. Nilipomweleza mtaalamu, nikitegemea kugombezwa, alisema nilifanya sawa. Mtoto mwenye kiu kwanza anywe, masomo yatafuata.

Siku chache baadaye, mbele ya friji ileile, Mheshimiwa alinishika suruali akasema, "Maa."

Nilimpa maji mengi mno, mengine yakaingia kwenye viatu vyetu. "Maji," nilisema, "maji, maji," mpaka akaweka kiganja juu ya mdomo wangu. Hiyo ilikuwa ishara yake ya siku nyingi. Mama aliiita kufunga bomba.

Baada ya maji zikaja ndizi, ambazo ziliitwa "ndi", na lori, lililobaki "oo". Mpaka Agosti inakatika alikuwa akizunguka nyumba akiomba kama mtu aliyegundua duka. Dada alimrekodi, akampelekea mumewe barabarani, na mume akajibu kwa ujumbe wa sauti ambao ndani yake hakuna neno, ni honi ya lori tu.

Mtu pekee ambaye hakufurahi moja kwa moja alikuwa mama.

"Mnamfundisha kuombaomba," alisema.

"Mama, ni tiba."

"Tiba ya kumfanya aonekane ana njaa mbele za watu?"

Kwa mama yangu, na kwa Wanyarwanda wengi wa rika lake, mtoto aliyelelewa haombi chakula. Ugenini unakaa wima, mikono magotini, unatazama ukuta. Ukiulizwa, umeshiba. Mwenyeji akisisitiza, unapokea kwa mikono miwili, na kidogo unakibakiza. Karagwe, tulipotembelea watu, hakuwahi kutukanya kwa mdomo. Alikuwa na jicho. Jicho hilo likikupata wakati unatazama sinia, njaa yenyewe iliomba radhi ikaondoka.

Tulivutana, kisha tukaafikiana: nyumbani aombe atakavyo, lakini kwa watu, hapana. Nilikubali upesi, nikifurahia amani. Likizo yote ile nilikuwa nimefikiria kila kitu mara saba, na hilo ndilo jambo moja nililolipitisha bila kulifikiria hata mara moja. Na mama hakulala. Kila Jumapili baada ya kanisa alimchukua Mheshimiwa kuamkia watu, akamkalisha wima, mikono magotini. Walirudi na sifa. "Wamesema huyu amelelewa," mama angesema akivua kitenge chake, na mimi nikaitikia, nikitafuta mahali pa juu zaidi pa kuweka ndizi.

Siku ya kuonwa ilipofika, dada hakupata ruhusa kazini. Mama akasema tutakwenda wote. Mheshimiwa alivaa shati lenye kola. Binti wa jirani alitusindikiza mpaka getini kwao.

"Ninamwekea kiti cha dirishani," aliniambia. "Ila umwambie mwalimu asichelewe kusema ndiyo, kuna mtoto mwingine anakitaka."

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na meza fupi, kiti cha mtoto, jagi la maji, na kopo la biskuti lenye kifuniko cha kuonyesha ndani, kimefungwa kabisa. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Ulikuwa mtindo uleule wetu! Kitu kinaonekana, hakifikiki. Tulikuwa tumejiandaa kwa mtihani huu kuliko mtu yeyote mjini Kigali.

Mwalimu alichuchumaa mbele yake. "Urashaka iki?" alimuuliza kwa Kinyarwanda. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimemweleza kwa kirefu lugha za nyumbani kwetu, na yeye mwenyewe alikulia Bujumbura akikisema Kiswahili, akarudia: "Unataka nini, mtoto mzuri?"

Mheshimiwa alilitazama kopo. Nilimwona akimeza mate. Midomo yake ikaanza kukusanyika.

Kisha akamtazama bibi yake.

Sijui kama mama alikusudia. Nadhani jicho lile linajifungua lenyewe, kama taa za barabarani jioni. Mheshimiwa alinyoosha mgongo. Akaweka mikono magotini. Akageuka, akaikazia macho kalenda ya ukutani kama mtu anayetafuta sikukuu.

Hapo ndipo nilipoelewa tulichofanya. Nyumba moja ilikuwa imemfundisha mtoto mmoja masomo mawili, naye ameyashika yote.

Mwalimu alingoja. Alijua kungoja, kuliko hata yule wa Nyarutarama. Alifungua kopo, akalifunga, ili mlio wake usikike. Mheshimiwa akaitazama kalenda kwa bidii zaidi. Pembeni yangu mama alikuwa amekaa kwa fahari ambayo sijawahi kumwona nayo, hata siku ya mahafali yangu. Nami nilikuwa naona kiti cha dirishani, na yule mtoto mwingine akikikalia. Niliona mwaka mzima wa kumpeleka Mheshimiwa shuleni, yeye akiingia mlango huu na rafiki yake mlango ule. Mwalimu alianza kuinuka.

"Mwalimu, anajua," nikasema. "Nyumbani anasema. Anasema maji, anasema ndizi, tatizo ni kwamba sisi, kwa desturi, yaani mama alitulea Karagwe, na huko, si huko tu, ni Wanyarwanda kwa jumla, mtoto akiwa ugenini, na hapa kwake ni ugenini, kwa hiyo ukimpima kwa chakula unapima adabu badala ya..."

Kiti kidogo kiliburuzwa. Mheshimiwa alishuka, akavuka chumba, akaniwekea kiganja mdomoni.

"Ngoja," akasema.

Hakukuwa na nusu neno hapo. Lilikuwa neno zima, na sauti ilikuwa ya mama yake akiwa na mswaki mdomoni. Kisha akaongeza, kwa upole, kama mtu anayelainisha amri, "Jomba."

Hakuna aliyewahi kumfundisha kusema ngoja. Nilikuwa nimetengeneza picha za ndizi, za viatu, za kijiko, na picha ya ngoja haikuwemo.

Mwalimu alijishika tumbo. "Haya, ameomba," alisema alipopata pumzi. "Ameomba mjomba anyamaze."

"Hicho si chakula," mama alisema haraka. "Hicho anaruhusiwa."

Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka nyuma ya kiganja. Mwalimu akamuuliza mama kwa nini mtoto hakuiomba biskuti, naye akaeleza, kwa maneno machache kuliko yangu. Mwalimu akatikisa kichwa. Mama yake yeye, alisema, hakuwa na jicho. Alikuwa na kucha, na alizitumia chini ya meza. Kisha akaacha kucheka.

"Lakini mama, nisaidie. Huyu akiwa darasani, akashikwa na kiu asubuhi, akakaa nayo mpaka saa ya kurudi kwa sababu ya adabu, mimi nitajuaje?"

Mama alijifunga upya kitenge, ambacho hakikuwa kimelegea. Mimi nilikuwa na majibu mawili tayari, na kiganja cha mtoto bado kilikuwa karibu, kwa hiyo nikayameza yote.

"Njoo," mama alimwambia mjukuu wake. Alimshika mabega, akamgeuza amtazame mwalimu. "Hapa si ugenini. Huyu ni wa nyumbani. Kwake, omba."

Mheshimiwa aligeuza shingo. "Bi?" alisema, kama mtu anayetaka uthibitisho kutoka ofisi kuu.

"Ndiyo. Omba."

Tukangoja. Kalenda ilikuwepo, kopo lilikuwepo, nje mtu alikuwa akifagia ua kwa ufagio wa njiti. Hakuna aliyesema sema. Mheshimiwa alilitazama kopo la biskuti kwa muda, akaliacha, akanyoosha kidole kwenye jagi.

"Maa," akasema.

Hata baada ya kupewa ruhusa, alichagua maji, ambayo hata bibi wa jicho kali hawezi kumlaumu mtu kwa kuyaomba. Nilimsikia mama akishusha pumzi. Mwalimu alimimina, akasema, "Maji, haya," na Mheshimiwa akakipokea kikombe kwa mikono miwili. Biskuti aliletewa baadaye, kwa mtindo wa mgeni, bila kuomba, na hakubakiza kipande. Katika somo hilo bado alikuwa na kazi.

Mwalimu alisema atapanda na wenzake. Ataanza hivyo mpaka likizo ya Krismasi, tuendelee kwenda kwa mtaalamu, kisha tutazungumza tena, na pengine kungekuwa na siku ngumu. Nilikuwa na maswali juu ya siku hizo ngumu. Mama alinivuta mkono.

Dada alipiga simu tukiwa tunapanda mlima kurudi nyumbani. Alikuwa amejificha nyuma ya marobota ya vitenge dukani, nilisikia jinsi anavyonong'ona.

"Haya, niambie. Imekuwaje?"

Nilivuta pumzi ya kuanzia mwanzo. Mama alinitazama. Nikainama, nikaweka simu sikioni kwa Mheshimiwa.

"Baba, umefanya nini shuleni?" dada alimuuliza, kwa sauti kubwa sasa. "Umemwambia nini mwalimu?"

Mtoto alishika simu kwa mikono miwili. Aliangalia bonde, akaangalia viatu vyake. Pikipiki ikapita na hakuisemea kitu.

"Haloo?" dada alisema. "Haloo? Imekatika?"

"Haijakatika," nikasema. "Tunangoja."

Akangoja na yeye, kule Muhima, kati ya vitambaa. Mheshimiwa alifikiri sana.

"Oya," akasema, akanirudishia simu, akaenda mbele kumtafuta rafiki yake.